Ubao Nyuma ya Nyumba ya Verna

Kila asubuhi, kabla kahawa haijachemka, Verna Thibault alikuwa na kazi moja. Alivaa mabuti ya marehemu mumewe, akachukua ufagio mdogo na rula, akaenda nyuma ya nyumba kwenye ubao mweupe wa kupimia theluji. Alifagia, akapima, akarudi ndani kumpigia simu Orrin, mpimaji mwenzake, ampe kipimo.

Asubuhi hiyo ufagio ulimganda mkononi. Usiku ilikuwa imeanguka theluji nyepesi, na juu yake kulikuwa na nyayo. Zilitoka upande wa mto, zikapenya uzio, zikafika hadi ubaoni, zikarudi zilikotoka. Na theluji ya ubaoni ilikuwa imechezewa. Mpimaji yeyote angeona.

Zilikuwa nyayo ndogo, za mwanamke. Verna hakuhitaji kupiga ramli.

Wapimaji kijijini walikuwa watatu. Orrin Batchelder, aliyefiwa na mkewe zamani, aliishi peke yake juu mlimani, na kila mwaka ndiye aliyekuwa bingwa, maana kwake ndiko theluji ilikoanguka nyingi zaidi. Bonde halishindani na mlima. Verna aliishi bondeni. Na tangu vuli alikuwepo Noreen Pickett kando ya mto, aliyechukua nafasi ya mpimaji wa zamani wa huko, mwalimu mstaafu mwenye kofia nyekundu na kicheko kinachosikika hadi posta.

Walikuwa na desturi yao. Msimu ukiisha, anayeshika mkia huchemsha shira ya mepo, utomvu mtamu wa mti, na kumpelekea bingwa nyumbani kwake. Wawili hao huimwaga ikiwa moto juu ya theluji, ikaganda kama nta, wakaila kwa donati na achari ya matango. Verna alikuwa ameshika mkia miaka minane mfululizo. Dukani walimwita Mama Mkia, naye alicheka nao.

Mwaka huu Verna alikuwa mbele ya Noreen. Mbele kwa unene wa kidole tu, na dhoruba ya mwisho ilikuwa njiani. Jambo hilo lilimnyima usingizi wiki nzima.

Adhuhuri walikutana dukani, kama ilivyokuwa kawaida yao dhoruba ikikaribia. Orrin alikuwa ameinamia ramani za hali ya hewa kwenye simu yake, macho yanamng'aa kama ya mtoto.

"Mstari wa mvua na theluji umeshuka hadi bondeni," alisema. "Safari hii hakuna wa kunyeshewa mvua. Theluji tupu, kila mahali."

"Nyinyi mna wazimu," alisema mwenye duka. "Aprili inaisha, maua yamechanua, juzi tu nimetoa matairi ya barafu."

"Ndiyo maana inakuja. Ungeyaacha, isingekuja," Orrin alijibu.

Noreen alicheka sana, akamshika Orrin mkono eti aone simu vizuri. Alipomaliza kuona, mkono ulibaki palepale. Verna aliutazama kama mtu aliyekuta panya kwenye unga.

"Mwaka huu Verna ameniacha, jamani," Noreen alisema. "Mimi kule mtoni sipati kitu. Na hata kuchemsha shira sijui."

"Kama hujui, usijisumbue," Verna alisema.

"Nitajifunza, shoga yangu. Orrin atanielekeza."

Orrin alijikuna shingo. "Ya Verna nimeshaizoea," alisema polepole. Kisha akaona haya, akarudia ramani zake.

Neno lilimjaa Verna kinywani. Akalimeza, kama alivyolimeza mwaka jana na mwaka juzi, akachukua chupa yake ya maziwa na kutoka. Nyuma yake kicheko cha Noreen kilimsindikiza hadi barabarani.

Dhoruba iliingia jioni. Ilikuwa theluji ya majimaji, nzito, ile inayovunja matawi. Verna aliweka mabuti kando ya kitanda. Kulipopambazuka alikuwa tayari kwenye dirisha la jikoni, taa haijawashwa, ufagio mkononi.

Kofia nyekundu ikatokea kwenye uzio. Noreen alikuja akihema, theluji ikimfika magotini, ndoo mkononi. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akauinamia ubao.

Verna hakujua alivyofika nje.

"Nilijua ni wewe."

Noreen aligutuka, ndoo ikamponyoka. Ikabingiria hadi miguuni pa Verna, naye akachungulia ndani. Ilikuwa tupu. Ubaoni, juu ya theluji ya usiku, palikuwa na kichuguu kipya cha theluji.

"Ni ya kwangu," Noreen alisema. Leo sauti yake haikufika hata kwenye uzio. "Nimeitoa kwenye ubao wangu. Nimekuwa nikikuongezea tangu Februari. Anayepanda kwa Orrin ni wa mwisho, Verna. Na mimi nilitaka kupanda."

Verna aliuinua ufagio, akakifagia kichuguu chote, na nusu ya theluji ya usiku pamoja nacho, taratibu, kwa mkono wa mtu aliyezoea.

"Wenzangu hupima kwanza, ndipo wafagie. Mimi miaka minane nafagia kwanza, ndipo napima," alisema. "Yule mzee nampenda mimi. Zoa theluji yako uende nayo nyumbani."