Korongo na Gunia la Makombo

Korongo mmoja alijiita mwenye jaa, na hakuna aliyembishia, maana nani mwingine angelitaka? Jaa lenyewe lilivimba kila siku mpaka likakaribia kiota cha Kanga, na Kanga alikuwa ameatamia.

"Shemeji Korongo," akasema Kanga, "mji mzima tumekubaliana. Makombo gunia lake, yagawiwe walaji. Chupa na plastiki gunia lake, zikatengenezwe upya. Jaa lisipopungua, mayai yangu yatafukiwa."

"Lipungue, mimi nile nini? Mawe?" Korongo akafoka.

Usimcheke. Njaa aliijua tangu kinda, na kutwa nzima alichakura plastiki apate kichwa kimoja cha dagaa.

Basi akapanga ujanja: alikwapue gunia la makombo, alimwage jaani, vitu vichanganyike kama zamani. Akaliburuta, akalitoboa kwa mdomo wake mrefu kama jambia. Lo! Matumbo ya samaki, ukoko wa ugali, mifupa yenye nyama, wala hamna mfuko hata mmoja wa kumkaba koo. Akala mpaka miguu ikamlegea, jaa akalisahau.

Kesho yake wakamkuta amesimama kando ya magunia, kifua mbele, kama aliyeajiriwa. Fisi akaja na chupa, akataka kuitupa penye makombo.

"We Fisi, macho umeyaacha nyumbani? Chupa kule! Unanichafulia chakula!"

Kanga akakizika kicheko chake katika manyoya, akayageuza mayai yapate joto upande wa pili.