Nani Kagusa Sehemu Yangu?

"Nani kagusa sehemu yangu?"

Chumba kizima kikaacha kubonyeza kibodi. Mzee Nukta, waliyemwita hivyo kwa sababu hakuvumilia hata nukta iliyokaa vibaya, alikuwa amesimama akiinyooshea kidole skrini yake.

Ofisi ile iliandika programu ya kukokotoa vipimo vya dawa, na kila mwandishi alikuwa na sehemu yake asiyoingiliwa na mwenzake. Ya Mzee Nukta ilikuwa dawa za watoto. Asubuhi hiyo walikuwa wakutane kuamua kama sasa sehemu zote ziwe za wote, yeyote arekebishe kazi ya yeyote. Yeye alikwisha kuapa kwamba ataacha kazi kwanza. Tangu amzike mkewe, hakuwa na kingine cha kuita chake.

"Ni mimi, mzee," akasema binti aliyeajiriwa juzijuzi. "Samahani."

"Samahani ndiyo nini? Kwenu mnaingia jikoni kwa jirani mkamtilia chumvi chunguni?"

Mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Mnaona?" Mzee Nukta akawageukia. "Hiyo ndiyo 'ya wote' mnayoitaka! Ikiharibika, nani ataulizwa? Mimi nimefiwa, nimerudi, na sehemu yangu haijakosea hata siku moja. Kwa nini? Kwa sababu ina mwenyewe!"

Mmoja alishika kusafisha miwani. Mwingine akainamia kikombe kilichokwisha chai zamani. Binti alikuwa akilia bila sauti, na Mzee Nukta akajua ameshinda.

"Aondoke," akasema. "Ama yeye, ama mimi."

Mkuu wa ofisi, kaka wa marehemu, akaurudishia mlango.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Sikai! Kafanya nini kwenye mstari wangu?"

"Kaondoa sifuri moja. Mtoto mchanga angepewa dawa mara kumi ya kipimo chake."

Mzee Nukta akausogelea mstari. Akahesabu, midomo ikicheza. Akarudia. Uso ukamwaka moto hadi masikioni, akatafuta kiti kwa mkono bila kutazama nyuma, akakaa.

"Basi ni hilo moja," akasema. "Nani hakosei? Ni hilo moja tu."

Shemeji yake akawatazama wengine. Wote walikuwa wakitazama sakafu.

"Tangu tutoke makaburini tunapokezana," akasema taratibu. "Kila ukishaaga, mmoja wetu anabaki kuiandika upya kazi yako ya siku nzima, akiigiza mkono wako, usijue. Jana ilikuwa zamu ya kwanza ya huyu binti. Kukuigiza bado hajajua."