Cherehani Inaposimama

Cherehani ilisimama tena, mara ya tatu, palepale.

Ndiyo ilikuwa kanuni ya mama, fundi wa nguo, kila mitihani ya bintiye ilipokaribia: binti asome na kueleza kwa sauti, yeye ashone. Mama asipoelewa, mguu wake unatulia kwenye pedali.

"Kijidudu akirudi mara ya pili, mwili unamshinda upesi," binti alirudia, akimeza hasira. "Daftari linasema hivyo, mama."

"Daftari nimelisikia. Upesi kwa nini?"

Lo! Mtu aliyeishia darasa la nne kumbana mtu wa kidato cha nne! Binti aliinua macho ajibu, yakagota ukutani. Kwenye kila msumari zilining'inia karatasi zilizokatwa kwa vipimo vya mteja mmoja. Mteja mpya alisubiri wiki nzima. Akirudi, hata baada ya miaka, mama alichomoa karatasi zake akakata kitambaa siku ileile.

"Kwa sababu vipimo vyake vimetunzwa," alisema polepole. "Seli nyeupe zikishapambana naye, baadhi hubaki zikimkumbuka. Akirudi, hazianzi kupima upya. Zinatengeneza kingamwili papo hapo."

Cherehani ikanguruma hadi mwisho wa mshono. Binti akapiga makofi kwa furaha.

Kisha mguu ukatulia.

"Na ukija ugonjwa unaochana hizo karatasi zenyewe?"

Binti akapekua daftari, mbele, nyuma, wapi! Akafungua ukurasa mtupu, akaliandika swali kama lilivyotamkwa. Na juu, pale alipozoea kuandika jina la mwalimu, akaandika: Mama.