Mara ya Pili Nilijibu Ndiyo

Siku hizi kila anayemtunza mzazi hujibu dodoso lilelile mara mbili, na majibu yasipolingana husomwa mbele ya mzazi mwenyewe.

Mdodosaji aliyasoma yangu kwenye mashine yake, mama akiwa kitandani. "Dada Eliwaza, swali la tisa: je, mama ni mzigo? Mara ya kwanza ulijibu hapana, mara ya pili ndiyo."

Sikuweza kuinua uso. Mara ile ya pili nilikuwa nimetoka kusali, nikaogopa kusema uongo.

"Jibu la kwanza lilikuwa la adabu," mama akacheka. "Mjibu tena, mwanangu, mgeni asichelewe."

"Hapana," nikasema.

Majibu mawili yakawa yamelingana, na mashine ikaandika kwamba ninaaminika. Jioni nilipompelekea mama maji, alisema ataoga mwenyewe, naye hajasimama tangu mwaka juzi.