Kete Mbili za Kisimani

Wanyama watatu walipochoka kugombea maji kwa nguvu, walikubaliana kurusha kete mbili za kauri kila asubuhi kisimani na kuhesabu zilizotua mdomo juu. Mwenye hesabu iliyotokea ndiye angekunywa kwanza, kabla maji hayajavurugwa.

Ngiri, kwa majivuno yake, akawahi kuchagua. "Mimi mbili. Mkubwa hachukui kidogo."

Kobe, asiye na makuu, akachukua sifuri. Kanga akabakiwa na moja, na Ngiri akamcheka sana.

Lakini mwezi ulipokwisha, Kanga ndiye aliyekuwa amekunywa maji safi mara nyingi kuliko wenzake. Ngiri, aliyezoea kunywa tope, akashindwa kuvumilia.

"Dada Kanga, umeziroga kete."

"Sijaziroga, kaka. Mbili yako ina njia moja tu, zote zitazame juu. Sifuri ya Kobe nayo ina njia moja, zote zilale. Moja yangu ina njia mbili: hii itazame juu na ile ilale, au ile itazame juu na hii ilale. Ndiyo maana huja mara nyingi."

Ngiri akazichora njia hizo mchangani kwa ukwato, akatoa macho. "Basi tubadilishane."

"Haya, tubadilishane."

Kesho yake kete zikarushwa. Ngiri alikuwa ameshainamia maji zilipotulia: zote mbili, mdomo juu.

"Mbona ulisema moja huja?" akalalamika.

"Nilisema huja mara nyingi," Kanga akajibu, maji yakimtiririka mdomoni, na hata Ngiri akaanza kucheka. "Sikusema itakuja leo."