Mti wa Alama

Rangi nyekundu ilikuwa bado kavu, lakini maji ya Lualaba yalikuwa yamemfika Mwamvita magotini.

Aliushika ule mti. Yeye na vijana wenzake wa kamati ya mafuriko ndio waliousimika ukingoni Nyangwe: maji yakigusa rangi, watu wote wapande juu. Sasa udongo wa chini yake ulikuwa umechimbuliwa upya, na kamba ya mtumbwi ilikuwa imeuchubua.

"Mujomba, nani alihamisha huu muti?"

Mjomba wake alikuwa akishona wavu kando ya mtumbwi wake, uliofungwa kwenye mti ule. Hakuinua kichwa. "Ni mimi. Mutumbwi ilitaka kwenda na maji. Kila siku naupandisha huu muti kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Tangu Jumatatu, kila asubuhi, Mwamvita aliitazama rangi kutoka juu barabarani, kisha akapita nyumba kwa nyumba akisema maji bado. Leo mama yake na wanawake wengine walivuka kwenda kisiwani kuvuna mpunga, watoto mgongoni.

Alitia filimbi ya kamati mdomoni, akageukia kisiwa. Aliona vichwa vya michikichi tu, na ungo wa mama yake uliokuja ukielea, ukingo wake umeshonwa kwa uzi wa buluu alioutia yeye mwenyewe.