Kaburi Kwenye Njia ya Malori

Mzee Guyo alikuwa amelala chali mbele ya tingatinga, kofia kifuani, macho ameyafumba. Dereva alizima injini akamwita msimamizi.

"Mzee, utakufa bure," Ekitela alimwambia. Huyo msimamizi ni Mturkana mpole wa hapo hapo Isiolo, na kazi hii ilikuwa imeanza kumnyima usingizi.

"Pitisha barabara yako kando. Hapa kuna mtoto wangu."

Barabara yenyewe, jamani, mji mzima uliitaka. Ingeyatoa malori viwandani, iyavushe laga kwa daraja, iyafikishe barabara kuu ya Moyale. Kwa sasa malori hupita ama katikati ya soko yakikwaruza vibanda vya watu, ama ndani ya laga, ule mto mkavu unaojaa ghafla mvua ikinyesha mbali.

Na hapo ndipo watu waliposhindwa kumwelewa mzee. Wato, mwanawe wa pekee, alikuwa dereva wa lori la mbuzi. Miaka saba iliyopita maji yalimkuta humo humo ndani ya laga. Lori lilionekana, yeye hakuonekana. Guyo na ndugu yake, ambaye sasa ni marehemu, walifuata mkondo siku tisa. Siku ya kumi watu waliwakuta juu ya ukingo wakisawazisha udongo. Tumempata, wakasema, lakini hali yake haitazamiki, imebidi tumzike upesi.

Sasa daraja linakuja, na anayelizuia ni baba yake! Wengine walisema anatafuta fidia. Watu nao hawakosi la kusema.

Hata mkewe, Umulkheir, hakuwa upande wake.

"Baba Wato, wacha wamhamishe," alimwambia. "Kila Ijumaa natembea saa nzima kwenda kumsalimia, na miguu imekwisha. Wakimleta makaburi ya hapa karibu, nitakuwa naye kila siku."

"Hapana."

"Kwa nini unaninyima mtoto wangu?"

Guyo alienda nyuma ya zizi, akalia huko kama mtu aliyefiwa asubuhi ile ile. Umulkheir alimsikia, na ingawa alikuwa na hasira, alimhurumia.

Sheikh wa mtaa alisema haja ya watu wengi inaruhusu maiti kuhamishwa. Barua ya serikali ikaja: Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mzee aliisoma mara mbili, akaikunja, akaomba jambo moja tu. Wakati wa kufukua, wengine wote wakae mbali. Aingie yeye na Ekitela, basi.

Alhamisi wakazungushia kaburi turubai. Wanaume wa msikitini walisimama kule chini ya mgunga na jeneza, wakisoma dua. Umulkheir alibaki nyumbani, kwa kuwa wanawake hawafuati mazishi, lakini alikuwa ametoa kigoda nje ya lango tangu alfajiri. Msafara ungepita hapo. Alikuwa amevaa nguo yake ya Idi na kujipaka hina, na majirani walipomshangaa aliwaambia mtoto wake anakuja nyumbani, watamlaumu kwa lipi?

Ndani ya turubai Ekitela alichimba taratibu, kwa heshima, akiogopa koleo lisimguse marehemu. Shimo likafika magotini, likafika kiunoni. Mzee alikuwa amechuchumaa ukingoni na sanda mpya mapajani. Koleo likagonga mwamba. Ekitela akapapasa udongo kwa mikono, pande zote, kisha akapapasa tena. Akainua uso.

"Mzee," alinong'ona, "hapa hakuna mtu. Hata mfupa mmoja."

Guyo alitazama turubai, kule sauti za dua zilikokuwa zikitoka. Kisha akamteremshia ile sanda.

"Jaza mchanga, mwanangu. Usiweke mwingi, alikuwa mwembamba, na mama yake anangoja tupite naye."